Deni halijui ukame

Norwei ina mfuko wa mafuta wenye sharti moja linaloshangaza wengi: hauruhusiwi kununua hisa za kampuni za nyumbani. Sheria ya kuuanzisha ilipitishwa mwaka 1990, fedha za kwanza zikaingia 1996, na leo mfuko huo unamiliki takribani asilimia 1.5 ya hisa zote zilizoorodheshwa kwenye masoko ya hisa duniani. Kampuni za dawa, benki, viwanda vya magari, watengeneza viatu, wa kila pembe ya dunia isipokuwa Norwei yenyewe.

Mara nyingi mfuko huu husimuliwa kama kisa cha taifa linalojua kuweka akiba. Ni kweli, lakini akiba ingeweza kuwekwa nyumbani vilevile. Kinachonivutia mimi ni lile sharti. Nchi ambayo bajeti yake ingeyumba kila bei ya pipa inapoyumba imeamua kubadilisha utegemezi huo, kidogo kidogo kila mwaka, kwa kipande chembamba cha biashara ya dunia nzima. Mafuta yakishuka bei, mwenye ndege na mwenye meli wanapumua, na miongoni mwa wenye hisa zao yumo raia wa Norwei. Hatari iliyokuwa imerundikana mahali pamoja imetawanywa.

Mtawanyo huo haukuja bure. Mwaka 2008, masoko ya dunia yalipoporomoka, mfuko ulipata hasara ya asilimia 23.3, sawa na krona bilioni 633. Ukiitazama hasara hiyo peke yake utasema walicheza kamari. Mimi naona walikuwa wakilipa zamu yao. Ukikubali kula na wengine wakivuna, utakubali pia kulala njaa nao kidogo wakikosa.

Nadharia yenyewe ni nyepesi kuliko sifa zake. Chukua nchi mbili. Ya kwanza inaishi kwa kuuza shaba, ya pili inaishi kwa kununua shaba na kutengeneza nyaya. Mwaka ambao shaba iko juu, ya kwanza inapata 100 na ya pili 60. Mwaka ambao shaba iko chini, mambo yanageuka. Sasa kila moja iiuzie nyingine haki ya nusu ya mapato yake: kila mwaka, kwa heri au kwa shari, kila moja itapata 80. Hakuna tani ya shaba iliyoongezeka, hakuna mashine mpya iliyofungwa, hakuna aliyempa mwenzake msaada. Zimebadilishana karatasi tu, na mwaka mbaya ukakoma kuwa mbaya kiasi kile. Kenneth Arrow, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1972, alikuwa ameshaonyesha kwa hesabu katika miaka ya 1950 kwamba masoko yakiwa na hati ya kulipa kwa kila hali inayoweza kutokea, hatari yote inayogawanyika itagawanywa.

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hati za fedha zipimwe hivyo hivyo. Hati inayolipa sana wakati wa neema na kukauka wakati wa shida ni rafiki wa karamu. Hati inayolipa kidogo kwa wastani lakini ikalipa mwaka ule ambao mauzo yako ya nje yameanguka inastahili kununuliwa ghali. Ukishakubali hilo, utaacha kuuliza tu kama nchi fulani imewekeza nje au imepokea wawekezaji wengi. Utauliza: karatasi ilizouza na ilizonunua zinalipa lini?

Je, jambo hili hutokea kweli, au linaishi kwenye vitabu tu? Mahali pazuri pa kutazama ni ndani ya nchi moja kubwa ambamo mitaji husafiri bila kuulizwa pasipoti. Mwaka 1996, Pierfederico Asdrubali, Bent Sørensen na Oved Yosha walichapisha utafiti kuhusu majimbo ya Marekani kati ya 1963 na 1990. Waliuliza hivi: pato la jimbo likishuka peke yake, ni kiasi gani cha mshtuko huo kinawafikia watu wake katika matumizi yao? Jibu lao lilikuwa kwamba asilimia 39 ya mshtuko ilimezwa na masoko ya mitaji, kwa sababu watu wa jimbo moja wanamiliki hisa na biashara katika majimbo mengine. Asilimia 23 ilimezwa na mikopo na akiba. Serikali kuu, pamoja na kodi zake na mafao yake yote, ilimeza asilimia 13. Robo iliyobaki ndiyo iliyowapiga watu moja kwa moja.

Nazirudia namba hizi kila ninaposikia mtu akisema kwamba umoja wa nchi unashikiliwa na hazina ya pamoja peke yake. Hazina ina kazi yake. Lakini kazi kubwa zaidi ilifanywa na watu wasiojua kuwa wanaifanya, mwalimu wa jimbo moja ambaye mfuko wake wa pensheni una hisa za kiwanda cha jimbo la mbali.

Ukivuka mpaka wa nchi, picha inafifia. Nadharia inadai kwamba matumizi ya watu wa nchi mbalimbali yapande na kushuka pamoja, kuliko hata uzalishaji wao, maana kila mtu ana kipande cha kila kitu. Mwaka 1992 David Backus, Patrick Kehoe na Finn Kydland walionyesha kinyume chake: uzalishaji wa nchi hufuatana zaidi kuliko matumizi. Mwaka mmoja kabla yao, Kenneth French na James Poterba walikuwa wamepima wawekezaji wanaweka wapi fedha zao za hisa. Wamarekani waliweka asilimia 94 nyumbani, Wajapani 98, Waingereza 82. Hawa walikuwa watu matajiri, wenye masoko yaliyo wazi na sheria zinazotekelezeka, na bado hawakutoka uani. Mambo yamebadilika tangu wakati huo, hasa Ulaya, lakini upendeleo wa nyumbani haujaisha.

Sababu zinazotolewa ni nyingi: kodi, gharama, kutojua lugha ya mahesabu ya wenzako, hofu ya serikali ngeni. Nyingi naziona za kweli na zisizochangamsha. Moja ndiyo inayostahili kukaa nayo. Harold Cole na Maurice Obstfeld waliandika mwaka 1991 kwamba huenda biashara ya bidhaa inafanya kazi ya bima yenyewe. Mavuno yako yakipungua, bei ya zao lako inapanda duniani, na kupanda huko kunakufidia. Ukiwa na fidia hiyo, hisa za nje za nini?

Hoja hii ni nzuri mno, na nadhani ndiyo maana inapendwa kuliko inavyostahili. Baridi kali ya Julai 1975 iliua miti ya kahawa kwa wingi kusini mwa Brazili, na bei ya kahawa duniani ikapanda kwa kasi katika miaka iliyofuata. Brazili, kwa ukubwa wake sokoni, ilipata sehemu ya fidia kupitia bei. Lakini wakulima wa kahawa wa nchi nyingine, ambao hawakuguswa na baridi hata kidogo, waliokota neema bila kutoa jasho la ziada. Sasa igeuze. Nchi ndogo ikikumbwa na ukame, dunia haitambui kwamba gunia limepungua. Bei inakaa palepale, na nchi hiyo inakosa mavuno na inakosa fidia. Bima ya bei inamlinda mkubwa, aliye mdogo anabaki na mvua yake isiyonyesha.

Kwa nchi hizo ndogo, soko la fedha la dunia limeleta nini? Kwa kiasi kikubwa, limeleta mikopo. Hapa ndipo ninapotaka kutulia, kwa sababu mjadala wa uchumi wa dunia huchanganya vitu viwili na kuviita kwa jina moja la mtaji wa nje. Mwenye hisa na mkopeshaji wote wanaleta dola. Mwaka mbaya ukifika, mwenye hisa anapata gawio dogo au hapati kabisa. Mkopeshaji anataka riba yake tarehe ileile, kiasi kilekile. Deni halijui ukame. Aliyeuza hisa ameuza sehemu ya hatari yake. Aliyeuza hati fungani ya kawaida, yaani karatasi ya mkopo wenye riba na tarehe maalumu, amebaki na hatari yote, na juu yake amejitwisha ahadi.

Zambia ni mfano ulio wazi, na siusemi kwa kuicheka. Shaba ni takribani asilimia 70 ya mauzo yake ya nje. Mwaka 2012 iliuza hati fungani yake ya kwanza ya dola milioni 750, na wawekezaji waliigombania. Ikauza nyingine, na nyingine. Mwaka 2015 bei ya shaba iliposhuka, kwacha ilipoteza zaidi ya theluthi moja ya thamani yake mbele ya dola. Tazama jinsi mambo yanavyojipanga: shaba inashuka, kwa hiyo dola zinazoingia zinapungua, kwa hiyo kwacha inadhoofika, kwa hiyo kila dola ya deni inahitaji kwacha nyingi zaidi za kodi kutoka kwa walipakodi ambao ndio kwanza wamepoteza kipato. Hati hiyo inadai zaidi hasa pale unapokuwa na kidogo. Ni bima iliyoshonwa nje ndani. Novemba 2020, katikati ya janga la korona, Zambia ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5.

Barry Eichengreen na Ricardo Hausmann waliita hali ya nchi kushindwa kukopa nje kwa sarafu yake yenyewe dhambi ya asili. Ni jina lenye makali, kwa sababu linagusa hata serikali zenye nidhamu. Unaweza kuwa na bajeti safi na bado wakopeshaji wakakutaka uahidi dola.

Sasa mlinganishe mwenye hati fungani na kampuni ya kigeni iliyochimba mgodi. Shaba ikianguka, faida ya mgodi inaanguka, na anayeumia kwanza ni mwenye hisa aliye ng'ambo. Kila mwaka wa neema huzuka malalamiko kwamba faida inahamishwa nje, na kila mwaka wa dhiki hakuna anayesema kwamba hasara nayo imehamishwa nje. Najua ninagusa kidonda. Mgawanyo huo unafanya kazi ikiwa tu faida inatangazwa kwa uaminifu mahali inapopatikana. Kampuni inayojikopesha yenyewe kutoka kampuni dada kwa riba ya juu, au inayouza madini kwa tawi lake kwa bei ya kupanga, imegeuza hisa kuwa kitu kingine: wakati wa neema haionyeshi faida, wakati wa dhiki inaomba msamaha wa kodi. Hapo nchi imelipa bei ya bima na haina bima. Lakini dawa yake ni wakaguzi wa kodi wenye meno. Kukimbilia hati fungani kwa kuogopa wenye hisa ni kuukimbia moshi na kuangukia motoni.

Ukitaka kumwona mtoa bima mkubwa wa dunia, mtazame Marekani, ingawa kazi hiyo hakuna aliyempa. Wamarekani wanamiliki hisa na kampuni katika nchi nyingine, na nchi nyingine zinamiliki hati za hazina ya Marekani. Miaka ya kawaida, hisa zinalipa zaidi kuliko hati, na Marekani inapata tofauti. Pierre-Olivier Gourinchas na Hélène Rey wameonyesha upande wa pili wa sarafu hiyo: mwaka 2008 hisa za dunia zilianguka huku dola na hati za hazina zikipanda thamani, na kwa hiyo mali nyingi ikahama kutoka Marekani kwenda kwa wengine. Ile faida ya miaka ya kawaida ilikuwa ada ya bima. Mwaka wa dharura ukafika, bima ikalipa. Nchi maskini zinazoshikilia akiba ya fedha za kigeni katika hati hizo zinapata sehemu ya ulinzi huo, kwa gharama ambayo husemwa kwa sauti ndogo: zinaikopesha Marekani kwa riba ya chini, kisha zinakwenda London na New York kukopa kwa riba ya juu.

Wapo waliojaribu kutengeneza karatasi inayojua ukame. Robert Shiller alipendekeza tangu miaka ya 1990 kwamba nchi ziuze hati zinazolipa kulingana na Pato la Taifa. Argentina ilijaribu kitu cha jamii hiyo mwaka 2005 ilipopanga upya madeni yake: wadai walipewa hati za nyongeza ambazo zingelipa uchumi ukikua kupita kiwango fulani. Mwanzoni soko lilizidharau. Uchumi ukakua kwa kasi, na Argentina ikajikuta ikilipa mabilioni ya dola. Kisha serikali ikabadilisha mwaka wa msingi wa takwimu zake, yaani mwaka ambao bei zake hutumika kupima ukuaji, ukuaji wa 2013 ukatoka chini ya kiwango, na malipo yakasimama. Wenye hati walikwenda mahakamani London na mwaka 2023 wakashinda. Kasoro yake ingeonekana hata na mtoto: anayelipa ndiye anayeshika kipimo.

Ndiyo sababu hati za maafa, ambazo mnunuzi hupoteza fedha zake janga lililotajwa likitokea, zimefanikiwa zaidi. Tetemeko halina mwaka wa msingi. Agosti 2017 wawekezaji walinunua hati fungani za maafa za Mexico kupitia Benki ya Dunia. Mwezi uliofuata tetemeko la ukubwa wa 8.2 lilipiga pwani ya Chiapas, na dola milioni 150 za wawekezaji hao zikaenda Mexico. Utadhani wangeapa kutozinunua tena hati hizo. Hawakufanya hivyo, na sababu yao ni ya kihesabu: tetemeko la Chiapas halina uhusiano na bei ya hisa za Tokyo au Frankfurt, hivyo kwa mwenye mali nyingi hatari hiyo ni nyepesi kuibeba. Hatari ileile ni mzigo mzito kwa mmoja na ni mwepesi kwa mwingine. Hapo ndipo faida ya biashara nzima inapotoka.

Afrika nayo ina chombo chake, African Risk Capacity, kilichoundwa chini ya Umoja wa Afrika mwaka 2012. Nchi hulipa ada, satelaiti hupima mvua, na modeli ya kompyuta huamua kama kuna malipo. Mwanzoni mwa 2015, Senegali, Niger na Mauritania zilipata zaidi ya dola milioni 26 baada ya mvua kukosekana Sahel. Kilichofuata Malawi kinafundisha zaidi. Msimu wa 2015/16 ulikuwa mbaya, serikali ikatangaza janga Aprili 2016, watu milioni 6.5 wakahitaji chakula, na modeli ikasema hakuna malipo. Uchunguzi ulionyesha kwamba modeli ilidhani wakulima wamepanda mahindi ya muda mrefu, ya siku 120 hadi 140, ilhali wengi walikuwa wameshahamia mbegu za siku 90 hivi. Mvua ilikatika wakati ambao kwa mbegu ya kudhaniwa haukuwa wa hatari, na kwa mbegu ya kweli ulikuwa wa kufisha. Modeli ilirekebishwa na Malawi ikapata dola milioni 8.1, miezi mingi baada ya njaa kuanza.

Kwa hiyo tatizo la Argentina lina ndugu yake. Kipimo kikiwa mkononi mwa anayelipa, atakichezea. Kipimo kikiwa mbali na kila mtu, huenda kikapima kitu kisicho janga lenyewe. Jamaika imeonja kipimo cha aina hiyo kwa pande zote mbili, kunyimwa na kulipwa. Julai 2024 kimbunga Beryl kilipita kusini mwa kisiwa na kuharibu mengi, lakini shinikizo la hewa halikushuka hadi kiwango kilichoandikwa kwenye hati yake ya maafa, hivyo hati hiyo haikulipa senti. Oktoba 2025 kimbunga Melissa kilitua chenyewe, na dola milioni 150 zote zikalipwa.

Ninayoipenda kuliko zote ni ndogo na haina mbwembwe. Grenada, ilipopanga upya deni lake mwaka 2015, iliweka kifungu kwamba kimbunga kikipiga, malipo yanasogezwa mbele. Mwaka 2024 Beryl ilipita juu ya visiwa vyake, na kifungu kikatumika. Hakuna kampuni ya bima iliyohitajika, wala ada ya kila mwaka. Ni aya chache ndani ya mkataba wa mkopo zilizoufundisha mkopo kusoma hali ya hewa. Barbados nayo imeweka vifungu vya aina hiyo. Nashindwa kuelewa kwa nini mawaziri wa fedha wa nchi zenye ukame hawaanzi mazungumzo na wakopeshaji kwa kudai aya hizo kabla ya kubishana juu ya nusu asilimia ya riba.

Kuna hatari isiyogawanyika, hilo lazima lisemwe. Mwaka 2020 dunia nzima ilifunga milango kwa pamoja, na hapakuwa na nchi iliyokuwa ikivuna ili impe aliyekosa. Biashara ya karatasi hutawanya mikosi inayotofautiana; mkosi wa wote hauna wa kuuziwa.

Lakini mikosi inayotofautiana bado ni mingi, na sehemu moja iliyo wazi kabisa ya kuanzia ni mifuko ya pensheni. Katika nchi nyingi zinazoendelea, mifuko hiyo imejaa hati za serikali ya nyumbani. Mfanyakazi wa nchi hiyo analipwa mshahara kutoka uchumi huo, nyumba yake ina thamani kutokana na uchumi huo, na uzeeni atalipwa na serikali inayokusanya kodi kutoka uchumi huohuo. Chile ilianza kuiruhusu mifuko yake kuwekeza nje katika miaka ya 1990, ikipanua kiwango hatua kwa hatua. Serikali nyingi husita, na sababu wanayoitaja ni uzalendo. Sababu nyingine, ambayo ofisa wa hazina hawezi kuitamka hadharani, ni kwamba mfuko wa pensheni usio na ruhusa ya kutoka nje ni mteja asiyeweza kukataa hati za serikali. Siku akiweza kukataa, riba itapanda, na bajeti itabidi ilipe bei halisi ya hatari ambayo kwa sasa inabebwa na wastaafu bila wao kuulizwa.